Mama Monitrice na Watoto wa Mahindi

Ilianza Jumatano, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tano, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Saa naijua kwa sababu niliikazia macho pale ukutani ili nisimtazame Tantine, mama yangu mdogo tunayeishi naye, usoni. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, daftari langu la jalada la bluu mkononi. Alikuwa amelichukua ili achane karatasi ya kuwashia makala, makaa ya kupikia. Sasa makala alikuwa ameyasahau. Alikuwa anasoma, polepole, kwa sauti:

«Leo Mama Monitrice ametoa watoto kumi na mmoja. Tisa amewapa mbuzi. Wawili wamekauka, amewatupa. Watoto wa mstari wa pili amewaacha waishi.»

Akafunua ukurasa mwingine.

«Amesema: nimetoa watoto wa watu wengi, Isangi, Opala, hadi Barumbu, na sasa naogopa kwamba nilitoa bure.»

Mtoto wa Tantine alikuwa amezikwa wiki tano kabla ya siku hiyo. Miezi saba, homa ya siku tatu. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni tangu alipozaliwa, na mpaka leo nikiinama kufagia, mkono wangu wa kushoto unarudi nyuma wenyewe kumshikilia.

Nilipaswa kusema neno moja tu: Tantine, ni mahindi. Sikulisema. Mimi ni mtu wa haya. Darasani profesa, mwalimu wetu, akiniita nasimama, jibu ninalo, nakaa bila kulisema. Lakini siku ile haya haikuwa peke yake. Niliona macho ya Tantine yakiniuliza jambo ambalo hajalisema, nami nikajua ni jambo gani: wewe umekula nini kwa yule mama? Huku kwetu wanasema mchawi humnasa mtoto kwa kumlisha.

Watoto ni machipukizi yanayotoka ubavuni mwa muhindi, chini kabisa karibu na udongo, wiki ya nne au ya tano. Ni mashina membamba yenye majani, yanakimbilia juu kama nayo ni mama, na mengi hayatoi hata hindi moja la maana. Huku kwetu kila anayelima anayaita watoto. Ningeandika machipukizi, labda Mama Monitrice angekuwa bado jirani yetu. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyenikataza maneno ya kitabuni. Aliniambia niandike neno ambalo mwanamke mwenye jembe atalielewa.

Naandika haya kwa sababu yanayosemwa juu yake pale kwenye bomba la maji ni mengi, na hakuna hata moja nililoliona kwa macho.

Monitrice maana yake alikuwa mtu wa kilimo wa Serikali, wale waliotumwa vijijini kufundisha watu kupanda. Miaka mingi alizunguka na pikipiki mpaka pikipiki ikafa, kisha kwa baiskeli, kisha kwa mtumbwi, kisha mshahara ukaacha kuja na yeye akaacha kwenda. Alikaa nyuma yetu, hapa Mangobo, katika parcelle, kiwanja chake, yenye nyumba ndogo mbele na shamba linaloteremka hadi kijito. Watu hawakumwita kwa jina. Hata mwanawe anayekaa Lubunga, ng'ambo ya mto, alipokuja kumsalimia alibisha mlango akiita, «Monitrice, uko?»

Pikipiki ilipokufa alibaki na kofia yake ngumu, nyeupe, imepasuka upande mmoja. Aliitumia kwa kila kitu. Alipimia mbegu ndani yake. Kuku alitagia humo. Na ngurumo ikipiga, aliivaa. Hilo ndilo lililonichekesha kuliko yote: mtu aliyeijua mvua ya Kisangani kama mtu anavyojua mlango wa nyumba yake, alikuwa anaogopa radi kama mtoto. Mbingu ikianza kuguna tu, anaingia chini ya meza na kofia yake kichwani, na kutoka huko chini anaendelea kunifundisha. «Andika,» ananiambia, «mvua imeanza. Andika saa.» Mara moja nilicheka kwa sauti. Akatoa kichwa na kuniuliza kama nimemaliza kucheka au aniletee kiti.

Alikuwa mkali wa wakati. Mvua ya kwanza ya mwezi wa tatu ikinyesha, mtaa mzima unatoka na jembe, yeye anaweka kiti mlangoni na kuwatazama. Alisema mvua ya kwanza ni mgeni ambaye hakuja na sanduku. Anaweza kuondoka asubuhi. Alingoja ya pili, akangoja ya tatu, akaingiza kidole kwenye udongo hadi pingili ya mwisho, akakinusa. Siku hiyo anapanda, na siku hiyo hata umletee maiti atakwambia ungoje jioni. Lakini kungoja sana nako alikuogopa. Alisema anayepanda wiki tatu nyuma anawalimia wadudu. Mahindi yake yanachanua wakati mvua imechoka, na funza waliokulia kwa jirani wanahamia kwake wakiwa wameshajua kula.

Na mtu huyohuyo, mkali hivyo, kila msimu alipanda mistari miwili kwa kuchelewa, makusudi. Jirani mmoja, fundi wa baiskeli za toleka, zile za kubeba abiria, alikuwa akipita na kumtania: «Monitrice, leo na wewe unachelewa kama sisi?» Alijibu kwamba mtu akitaka kujua ugonjwa lazima awe na mgonjwa.

Mistari ilikuwa minne. Miwili ya wakati wake, miwili ya kuchelewa. Katika kila jozi, mstari mmoja alitoa watoto, mwingine akawaacha. Macho yake yalikuwa na ukungu, herufi hazioni tena, ndiyo sababu alinihitaji. Alinisikia siku moja nikimsomea mdogo wangu, akamwuliza mama yangu kama mwandiko wangu unasomeka. Mama akasema mwandiko unasomeka kuliko mwenye mwandiko. Tangu hapo, kila Jumatano na Jumamosi nilikwenda na daftari. Alipapasa shina kwa vidole, akahesabu, akasema, nami nikaandika. Nikijaribu kupamba alijua hata bila kuona. «Uliandika nini hapo? Kalamu ilienda murefu.» Alikuwa na neno lake: andika kile jicho limeona, usiandike kile tumbo linataka.

Mwishoni tulikaa na yeye akanichomea hindi moja la msimu uliopita au viazi. Nilikula. Sikuwahi kufikiri kwamba kula ni jambo la kuogopa.

Jambo alilolisema siku ile, lile la kutoa bure, alilisema akiwa amechuchumaa katikati ya mistari, mkono juu ya chipukizi, bila kuling'oa. Hakulia. Alizungumza kama mtu anayesoma orodha. Alinieleza kwamba ofisini walimfundisha kuwa mtoto wa kando anamnyonya mama, na ukimtoa, mama anazaa hindi kubwa. Aliamini. Alipita kijiji kwa kijiji akiwaamuru wanawake wainame, wang'oe, wasiache hata mmoja, na aliyeacha alimwandika. Kazi hiyo inachukua wiki nzima, mgongo unakatika. Na wiki hiyohiyo ndiyo wiki ya kupanda kipande cha pili, mvua ikiwa bado nzuri. Kwa hiyo walichelewa. Kila mwaka walichelewa kidogo, kwa ajili ya kumtii yeye. Mwaka mmoja kule Opala mwanamke mmoja alimwonyesha ghala tupu, akamwambia bila hasira: «Monitrice, tulitoa batoto yote vile ulisema. Sasa batoto yetu banakula nini?»

Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Akaanza mistari yake minne, peke yake, bila ofisi, na kila msimu kitu kikamharibia: mbuzi, mafuriko ya kijito, wezi. Mwaka huu ulikuwa wa kwanza ambao mistari yote ilisimama. Aliniambia anaogopa jibu. Anaogopa zaidi kufa bila jibu. Nami nikaandika yote vilevile alivyosema, kwa maneno yake, kwa sababu ndivyo alivyonifundisha.

Alhamisi asubuhi walikuja. Mvua ilikuwa imekatika, saa nne hivi. Mbele alikuwa Mama wa Maombi, mwanamke anayeongoza sala kwenye chumba kimoja nyuma ya soko, na Tantine na daftari langu, na majirani kama kumi na watano. Mimi niliongozwa na mkono wa Tantine. Hakunishika kwa nguvu, alinishika tu kama mtu anayeshika kitu chake.

Mama Monitrice alidhani wamekuja kuiba mahindi. Alisimama mbele ya mistari, mikono imefunguka, akawaomba wangoje: «Ile mistari ya kwanza iko karibu. Wiki tatu tu, halafu mukule yote.» Mtu mmoja akacheka. Fundi wa toleka alikuwepo. Yeye ndiye aliyeingia ndani ya nyumba na kutoka na ile kofia, akiiinua juu, manyoya ya kuku yakianguka kutoka ndani.

«Hii njo ndege yake ya uchawi,» alisema. «Anavaaka wakati wa radi. Mimi mwenyewe nilimuona.»

Na ni kweli, alimwona. Sote tulimwona. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba hakuna aliyesema uongo. Kila mtu alikuwa na kitu chake cha kweli mkononi.

Tantine akasoma ukurasa. Aliposoma «nimetoa watoto wa watu wengi» akashusha daftari, na Mama wa Maombi akauliza kwa upole kabisa: «Maneno haya ni ya nani?»

Mama Monitrice aligeuza uso. Macho yake hayaoni mbali, lakini alijua nilipo. Angeweza kusema: mwulizeni msichana, yeye ndiye ameandika, yeye anajua. Angeweza. Na wangegeuka kwangu, wangeuliza nilikuwa nafanya nini huko kila Jumatano na Jumamosi, na nimekula nini, na ni nani aliyembeba yule mtoto mgongoni baada ya kula. Nilisikia mkojo ukinishuka. Alingoja kidogo. Nadhani alikuwa akinipa nafasi.

Kisha akasema, «Ni maneno yangu. Nilisema mimi.»

Wakang'oa mistari. Yote minne, kwa dakika chache, bila kelele nyingi. Mawe mawili yalirushwa; moja lilimpata begani. Hakuna aliyemgusa kwa mkono, kwa sababu waliogopa kumgusa. Chef wa mtaa alifika na polisi wawili, akamtoa, akamvusha mto siku hiyohiyo hadi kwa mwanawe, akisema ni kwa usalama wake. Nyumba akaifunga kwa kufuli. Aliwaambia watu waliobaki kwamba dossier, yaani jalada la kesi, iko wazi: mtu mwenye neno la kumtetea aje ofisini aseme na atie sahihi, na Monitrice atarudi. Hadi mwisho wa mwezi wa tisa. Baada ya hapo parcelle atapewa mtu mwingine, maana nyumba tupu inaleta wezi.

Hakuna aliyekwenda. Mimi nilipita mbele ya ofisi ile kila siku ya shule. Mwezi wa sita. Wa saba. Likizo nikapita njia nyingine. Nilijifunza kuhesabu hatua kutoka mlangoni hadi kwenye bomba, ili kichwa kiwe na kazi. Nyumbani Tantine alinirudishia daftari, aliliweka tu juu ya mkeka wangu, na kuanzia hapo hakuniomba tena nimpikie. Nikiwapikia wote, alikula baada ya mimi kuonja kwanza.

Jambo moja nililifanya, na sikumwambia mtu. Ijumaa asubuhi, siku iliyofuata baada ya kung'oa, kabla mbuzi hawajamaliza, niliingia shambani. Mashina yalikuwa yamelala palepale kila mstari ulipokuwa. Niliinama nikahesabu mahindi machanga, mstari kwa mstari, nikaandika. Herufi ni mbaya, lakini zinasomeka.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tisa mama alinituma Lubunga kununua makala, kwa sababu upande ule ni bei nzuri. Nilivuka kwa mtumbwi. Sikumtafuta, nasema kweli, niliomba nisimwone. Nyuma ya soko la makala kuna njia yenye mashamba madogo, na huko mtu alikuwa amechuchumaa kati ya mahindi ya wiki nne, anapapasa mashina kwa vidole. Nilisimama. Ningeweza kurudi.

«Miguu ile najua,» alisema bila kugeuka. «Inatembeaka kama inaomba ruhusa.»

Nikakaa chini hapohapo udongoni. Nilitaka kuomba msamaha, maneno niliyokuwa nimeyapanga kwa miezi minne. Hakuniachia nafasi. Aliuliza habari za mama yangu. Aliuliza habari za Tantine, kwa jina la mtoto wake aliyekufa, Mama wa fulani, kama watu wenye heshima wanavyofanya. Bega lake lilikuwa chini upande mmoja. Niliona kwamba watoto wote wa mahindi yale walikuwepo, hakung'oa hata mmoja.

Kisha akauliza kile alichokuwa akikingoja.

«Ile mistari ine. Hakuna mutu alihesabu, eh?»

Nikamwambia nilihesabu.

Mkono wake ukasimama juu ya jani. Nikamwambia: mistari miwili ya wakati wake, ule wa kutoa watoto na ule wa kuwaacha, mahindi yalikuwa karibu sawa. Ule wa kuwaacha labda kidogo zaidi. Mistari ya kuchelewa yote miwili ilikuwa myembamba, imeliwa na funza, na kutoa watoto hakukuisaidia. Nilipokuwa nasema nilitamani kudanganya. Ilikuwa rahisi, neno moja tu. Lakini yeye alikuwa ameisikiliza kalamu yangu kwa mwaka mzima, angejua.

Mtu alipita na mzigo wa mihogo, akatusalimia, akaenda zake.

«Donc nilitoa bure,» alisema. «Migongo ya wale bamama yote. Wiki zile zote.» Akafuta uso kwa kiganja, udongo ukabaki shavuni. «Bon. Sasa najua.»

Nikamwambia nitakwenda kwa chef. Kesho. Sijui nani alisema, sauti ilikuwa yangu. Akanishika kifundo cha mkono, vidole vyake vigumu, na kwa mara ya kwanza nilimwona ana hofu ambayo si ya radi.

«Usiende. Utasema ni mahindi, watasema: na wewe ulikulaka nini kwake? Mimi ni muzee, niko na mutoto yangu hapa, niko na udongo. Wewe uko na miaka kumi na sita. Acha ile nyumba iende.»

Alinipa viazi viwili vya kuchoma, kisha akasita, akataka kuvirudisha. Nilivila mbele yake, vyote viwili, na maganda.

Nilirudi na mtumbwi wa mwisho wa jioni. Sikulala.

Jumatatu asubuhi Tantine alikuwa jikoni akiosha masufuria. Nilisimama mlangoni pale aliposimama yeye siku ile, na miguu ilitaka kuondoka. Nikasema: «Tantine, watoto wa kwenye daftari ni watoto wa mahindi. Machipukizi.»

Hakuinua kichwa. Aliendelea kusugua.

«Mimi nilizaliwa Opala,» alisema. «Nilitoa batoto ya mahindi na mikono hii tangu niko mudogo. Mama alinichapa nikiacha hata mumoja. Unazani sikujua?»

Nilishika mlango.

«Tangu siku ile?»

«Tangu mustari wa kwanza.» Maji yalikuwa meusi, akayamwaga, akachota mengine. «Mutoto alikufa na hakuna mutu alifanya kitu. Homa. Homa ni nani? Nitaenda kupiga kelele kwa mulango ya homa? Nilitaka mutu. Na karatasi ikanipa.» Kisha akanitazama, na niliona kwamba amezeeka, na kwamba ananiogopa. «Ukienda kusema, Mama wa Maombi atageuka kwako. Mimi sitaweza kumuzuia. Nakuambia ukweli, sitaweza.»

Nilimwambia najua.

Nilivaa sketi ya shule na shati jeupe. Nilitembea. Hapo kwenye bomba wanawake walikuwa wamepanga bidoni zao za maji, waliniona na daftari, wakaacha kuzungumza. Ofisini chef hakuwa amefika. Alikuwepo secrétaire, karani wake, mwanaume mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, anakunywa chai. Wananchi watano walikuwa kwenye benchi, mmoja wao fundi wa toleka. Secrétaire akauliza nimekuja kwa sababu gani. Nikasema nimekuja kwa dossier ya Mama Monitrice, kwamba mimi ndiye niliyeandika, na kwamba nilikuwa nakula kwake. Akaweka kikombe chini, akafungua kitabu kikubwa, akatafuta kalamu, akauliza jina.

Nikataja jina langu lote. Nikalitaja mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakusikia.